Nyundo Iliyolala juu ya Risasi Hai: Uchambuzi wa Kisa cha Rivolva Mbili Zinazofanana

Kisa kinachochambuliwa hapa ni cha mfano. Kimeundwa kutokana na aina ya ajali ambayo mafundi wa silaha wanaifahamu vyema, na ndiyo sababu hakina jina la mtu wala la mahali. Mhusika wake amemiliki kwa miaka mingi rivolva ya Ruger New Model Blackhawk ya kaliba .357 Magnum. Hiyo ni rivolva ya kukoki kwa gumba, yaani nyundo yake lazima ivutwe nyuma kwa kidole kabla ya kila risasi, kwa kuwa kifyatulio hakina kazi nyingine ila kuiachia nyundo ambayo imekwisha kukokiwa. Mtu huyu hakuwa mzembe. Kila alipoishika bastola yake aliielekeza mahali salama, kidole chake hakikugusa kifyatulio kabla ya wakati, na aliiweka chini ya kufuli. Jambo moja tu alilifanya bila kulifikiria, kwa sababu bastola yake ilimruhusu kutolifikiria: alijaza chemba zote sita, yaani matundu ya silinda yanayokaa risasi, akaiacha nyundo imelala, akaivaa kiunoni siku nzima.

Mjomba wake alipofariki, alirithi Blackhawk ya pili ya kaliba ile ile, iliyotengenezwa miaka kadhaa kabla ya 1973. Kwa macho zilikuwa kama ndugu wa tumbo moja: mtutu wa namna moja, kitako cha mbao chenye mviringo ule ule, kilango kile kile cha kupakilia upande wa kulia. Aliisafisha, akaifyatua mara kadhaa uwanjani, akaridhika nayo, kisha siku moja akaamua kuivaa badala ya ile yake ya kawaida. Alijaza risasi sita na kuishusha nyundo taratibu kwa gumba, akaitia bastola katika ala iliyokuwa wazi juu, isiyo na kigwe cha kuishikilia nyundo. Saa chache baadaye, alipokuwa akiruka chini kutoka nyuma ya gari la mizigo, bastola ilichomoka ikaanguka mdomo wa mtutu ukiwa umeelekea juu, na kitu cha kwanza kugusa sakafu ya saruji kikawa mkia wa nyundo. Bastola ikalia. Risasi ilipenya nyama ya paja lake na kutokea upande wa pili bila kugusa mfupa, na kwa ajali ya aina hii hiyo ni bahati kubwa.

Maneno yake ya kwanza yalikuwa kwamba hakukigusa kifyatulio. Waliomsikia walimhurumia kwa jeraha, lakini hawakumwamini kwa maelezo, kwa maana kila mtu amekwisha kusikia kwamba bastola haijifyatui yenyewe. Kauli hiyo ni kweli kwa silaha nyingi za siku hizi, na huko ndiko upotofu unakoanzia, kwa sababu watu huichukua kama sheria ya maumbile, ilhali ni matokeo ya vipande fulani vya chuma vilivyoongezwa katika miaka fulani, na bastola isiyo na vipande hivyo haina sababu ya kuitii.

Ushahidi uliobaki ndani ya bastola

Fundi aliyeifungua baadaye alikuwa na maelezo manne ya kuyapima. La kwanza ni kwamba kifyatulio kilivutwa. La pili, kwamba mwenye bastola alikuwa akiikoki au kuishusha nyundo na gumba likamteleza. La tatu, kwamba nyundo ilikuwa imeegeshwa kwenye mkato wake wa usalama na mkato huo ukavunjika kwa pigo. La nne, kwamba nyundo ilikuwa imelala kabisa mbele, juu ya chemba yenye risasi hai.

Maelezo ya kwanza yana udhaifu ambao wasioijua rivolva ya namna hii hawauoni. Kuvuta kifyatulio wakati nyundo imelala hakufanyi chochote. Ili kifyatulio kihusike, ni lazima mtu awe ameivuta nyundo hadi mwisho kwanza, ndani ya ala, akaiacha bastola ianguke ikiwa imekokiwa, kisha kitu kikivute kifyatulio hewani au sakafuni. Mkwaruzo mpya wenye vumbi la saruji ulionekana kwenye sehemu ya mkia inayotazama nyuma wakati nyundo imelala, si mahali ambapo sakafu ingegusa kama nyundo ingekuwa imekokiwa. Maelezo ya pili yaliondoka kwa sababu hiyo hiyo: mkono haukuwepo kwenye bastola, na chuma kilionyesha wazi ni kitu gani kilichoigonga.

Maelezo ya tatu yanahitaji utulivu zaidi, kwa sababu ndiyo yaliyozoeleka katika ajali za rivolva za zamani. Nyundo ya Blackhawk ya kabla ya 1973 ina mikato mitatu kwenye sehemu yake ya chini. Mkato wa kwanza, unaofikiwa nyundo ikivutwa kidogo tu, huitwa wa usalama, kwa kuwa huishikilia nyundo mbali kidogo na risasi. Wa pili ni wa nusu koki, unaoiruhusu silinda izunguke ili kupakia na kupakua. Wa tatu ni wa koki kamili. Kinachoingia katika mikato hiyo ni ncha nyembamba ya kifyatulio. Bastola ikiangukia mkia wa nyundo ilhali nyundo iko kwenye mkato wa kwanza, uzito wote wa pigo huishia kwenye ncha hiyo, na ikivunjika au ukingo wa mkato ukimeguka, nyundo huwa huru kwenda mbele. Fundi alipoichunguza ncha ya kifyatulio chini ya kioo cha kukuzia aliikuta nzima, na kingo za mikato yote mitatu zilikuwa kali, bila meguko lolote. Kama mkato wa usalama ungekuwa kazini siku hiyo, ungeacha alama ya kushindwa kwake.

Yalibaki maelezo ya nne, na silinda iliyaunga mkono: ganda moja lililofyatuliwa likiwa chini ya nyundo, na risasi tano hai katika chemba nyingine. Mwenye bastola alithibitisha jambo hilo mwenyewe bila kujua uzito wake, aliposema kwamba aliishusha nyundo hadi chini kabisa, kama inavyokaa siku zote katika bastola yake ya kawaida.

Kilichotokea kati ya nyundo na fataki

Katika rivolva iliyoanzisha umbo hili, Colt Single Action Army, ambayo jeshi la Marekani liliipokea mwaka 1873, pini ya kugonga imefungwa kwenye uso wa nyundo yenyewe. Nyundo ikilala, ncha ya pini hupita katika tundu la fremu na kukaa juu ya fataki ya risasi iliyo mbele yake, yaani kile kikombe kidogo kitakoni mwa risasi ambacho kikigongwa hulipuka na kuwasha baruti. Hakuna nafasi kati yao. Yeyote atakayeipiga nyundo hiyo kutoka nyuma, kwa kiatu, kwa jiwe au kwa sakafu, anaipiga fataki.

Blackhawk ya zamani ilionekana kuwa imeliacha tatizo hilo nyuma. William B. Ruger, ambaye pamoja na Alexander Sturm alianzisha kampuni ya Sturm, Ruger mwaka 1949, alitoa rivolva ya Single-Six mwaka 1953 na Blackhawk mwaka 1955, akilifuata umbo la Colt lakini akibadilisha mengi ndani yake. Springi bapa zilizokuwa zikivunjika aliziondoa akaweka za kujiviringa, na pini ya kugonga akaiondoa kwenye nyundo akaiweka ndani ya fremu, ikiwa na springi yake ndogo ya kuirudisha nyuma. Mtu anayeiangalia nyundo hiyo na kuikuta haina ncha ya pini huweza kudhani kwamba hatari imeondoka pamoja na ncha. Haikuondoka. Nyundo ya zamani ya Ruger ikilala kabisa, uso wake hukaa juu ya mkia wa pini na kuisukuma mbele, springi ndogo ikashindwa, na ncha ya pini ikaegemea fataki vilevile. Pini ilihamishwa makazi tu. Njia ya pigo kutoka mkia wa nyundo hadi fataki ilibaki mfululizo wa chuma juu ya chuma.

Hesabu ya nguvu inayohusika si ngumu. Blackhawk yenye uzito wa takriban kilo 1.1, ikianguka kutoka kimo cha kiuno, tuseme sentimita 90, hufika sakafuni ikiwa na mwendo unaozidi kidogo mita 4 kwa sekunde na nguvu ya karibu joule 10. Fataki ya risasi ya bastola huhitaji sehemu ndogo tu ya nguvu hiyo ili iwake. Ajali kama hii haitokei kila rivolva ya zamani inapoanguka, kwa sababu lazima iangukie nukta moja mahususi, mkia wa nyundo. Lakini mkia huo umejitokeza nyuma kuliko karibu kila sehemu nyingine ya bastola, na inapoangukia hapo mtutu huwa umeelekea juu, yaani kwa yule ambaye bastola imetoka kiunoni mwake.

Kanuni iliyokuwa nje ya bastola

Watu wa zamani walilijua hili, na dawa yao ilikuwa desturi: rivolva ya chemba sita hubebwa na risasi tano, nyundo ikilala juu ya chemba tupu. Namna ya kuipakia ilikuwa na mpangilio wake. Nyundo iko nusu koki na kilango kimefunguliwa. Unatia risasi katika chemba moja, unairuka inayofuata, unatia nne zilizobaki, unafunga kilango, unaivuta nyundo hadi koki kamili, kisha unaishusha taratibu. Ukihesabu sawasawa, ile chemba uliyoiruka inafika chini ya nyundo wakati huo huo. Uzuri wa mpangilio huu, ambao mara nyingi hautajwi, ni kwamba hata gumba likiteleza wakati wa kuishusha nyundo, itaanguka juu ya chemba tupu. Aliyejaza sita hana budi kuishusha nyundo kwa mkono juu ya risasi hai kila anapomaliza kupakia, huku kifyatulio kikiwa kimevutwa, na huo ni wakati wa hatari hata bila bastola kuanguka.

Kwa kejeli ya historia, rivolva zilizotangulia risasi za ganda la chuma zilikuwa na usalama mzuri kuliko zilizozifuata. Colt za fataki za katikati ya karne ya 19 zilikuwa na vijiti vidogo nyuma ya silinda, kati ya chemba na chemba, na uso wa nyundo ulikuwa na kijipengo cha kuvikalia. Remington za wakati ule zilikuwa na mikato kwenye silinda kwa kazi hiyo hiyo. Nyundo ilipumzika katikati ya chemba mbili na silinda ikajifunga hapo, kwa hiyo chemba zote sita ziliweza kujazwa. Risasi za ganda la chuma zilipoingia, vijiti na mikato hiyo vikapotea, na waliojaribu kuipumzisha pini kati ya kingo za maganda mawili hawakuwa na kitu imara cha kuizuia silinda isizunguke.

Kwa hiyo usalama wa rivolva ya 1873, na wa Blackhawk ya kwanza pia, ulikuwa kwa sehemu kubwa katika kichwa cha aliyeibeba. Mjomba katika kisa chetu huenda alibeba risasi tano maisha yake yote. Mpwa alirithi chuma, wala hapakuwa na chochote juu ya chuma hicho kilichomweleza hesabu ya tano.

Mabadiliko ya 1973

Katika New Model, iliyoanza mwaka 1973, uhusiano wa sehemu zile zile uligeuzwa. Uso wa nyundo ulikatwa ngazi, hivi kwamba nyundo ikilala, sehemu yake ya juu huegemea fremu yenyewe wala haiifikii pini ya kugonga. Pengo linalobaki kati ya nyundo na pini hujazwa na kibapa chembamba cha chuma kilichounganishwa na kifyatulio. Kifyatulio kikiwa mbele, kibapa kimeshuka chini na pengo liko wazi. Nyundo inapokokiwa, kifyatulio hurudi nyuma na kibapa hupanda. Kifyatulio kikivutwa na kushikiliwa hivyo, kibapa hubaki juu, nyundo hukigonga, nacho huipitishia pini pigo hilo. Kidole kikiondoka, springi hukirudisha kifyatulio mbele na kibapa hushuka.

Tofauti hii ni kubwa kuliko inavyosikika, na kwa maoni yangu ndiyo kiini cha kisa kizima. Katika rivolva ya zamani kipande kidogo cha chuma, yaani ncha ya kifyatulio ndani ya mkato, lazima kishike ili risasi isitoke. Kikivunjika, bastola inalia. Katika mpya kipande kidogo cha chuma lazima kiwepo ili risasi itoke; kikivunjika, bastola inakuwa bubu. Vyote viwili vinaweza kuharibika, lakini kuharibika kwa kimoja humpeleka mtu hospitalini na kwa kingine humpeleka kwa fundi.

Jambo la pili ni gumba lililoteleza. Katika New Model, nyundo ikimponyoka mtu kabla haijafika koki kamili na kidole chake hakiko kwenye kifyatulio, kifyatulio hurudi mbele, kibapa hushuka, na nyundo huangukia fremu. Ulinzi huu una mpaka wake: anayekishikilia kifyatulio nyuma huku nyundo ikimponyoka amekiinua kibapa kwa mkono wake mwenyewe, na bastola itafanya ilivyoagizwa.

Jambo la tatu linahusu kupakia, na katika kisa hiki lina umuhimu wa pekee. Mkato wa nusu koki uliondolewa. Kukifungua kilango kunailegeza silinda nyundo ikiwa imelala, na kilango kikiwa wazi nyundo haivutiki. Maana yake ni kwamba mhusika wetu, alipokifungua kilango cha bastola ya mjomba kwa mara ya kwanza, alikuta silinda haizunguki. Ilimbidi aivute nyundo hadi nusu koki. Bastola ilimwambia waziwazi, katika dakika ya kwanza, kwamba ndani yake si sawa na ile aliyoizoea, naye akalichukua jambo hilo kuwa usumbufu wa vitu vya kale badala ya kulichukua kuwa habari. Sioni sababu ya kumlaumu sana kwa hilo. Mikono iliyofundishwa na chombo kimoja kwa miaka mingi haiulizi maswali inapokutana na pacha wake.

Wazo la kibapa halikuwa geni mwaka 1973. Kampuni ya Iver Johnson ilikuwa imelitumia katika rivolva zake tangu mwishoni mwa karne ya 19, na matangazo yake maarufu yaliwaalika wanunuzi wazigonge nyundo hizo kwa nyundo ya kawaida. Smith & Wesson nayo ilibadilisha kizuizi cha nyundo katika rivolva zake wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, baada ya moja kuanguka kwenye sitaha ya meli na kumuua baharia. Rivolva za kukoki kwa gumba zilichelewa, nadhani, kwa sababu walionunua umbo la 1873 walitaka pia mlio na mguso wa 1873, ile milio minne ya nyundo inayovutwa nyuma, na kibapa huiondoa.

Mahakamani na maabara

Uchambuzi wa aina hii si wa karakana peke yake. Mwaka 1979 Mahakama ya Juu ya jimbo la Alaska ilitoa uamuzi katika kesi dhidi ya Sturm, Ruger iliyotokana na mtu kujeruhiwa na rivolva ya muundo wa zamani ya kaliba .41 Magnum alipokuwa akiipakua. Baraza la wazee wa mahakama lilikuwa limekubali kwamba bastola ilikuwa na kasoro ya muundo. Kiwango cha fidia ya adhabu ndicho kilichoendelea kubishaniwa. Swali lililokuwa chini ya kesi hiyo ni lile lile lililo chini ya kisa chetu: je, mtengenezaji anaweza kuutegemea uangalifu wa mtumiaji kuziba pengo ambalo kipande cha chuma kingeliziba?

Ushahidi wa karibuni zaidi ulitoka New Mexico, ambako Oktoba 2021 mpigapicha mkuu wa filamu aliuawa kwa risasi iliyotoka katika rivolva ya Pietta, nakala ya Colt ya 1873 ya kaliba .45 Colt. Kama kifyatulio kilivutwa siku ile au la ni suala jingine lenye mabishano yake. Linalotuhusu ni kwamba maabara ya FBI iliijaribu bastola hiyo, ikakuta kuwa nyundo ikilala juu ya risasi hai, pigo la moja kwa moja kwenye nyundo liliweza kuilipua fataki bila kifyatulio kuguswa, na ikaeleza kuwa hali hiyo ni ya kawaida kwa rivolva za muundo huu. Nyundo ikiwa imekokiwa kikamilifu, haikufyatuka bila kifyatulio mpaka sehemu za ndani zilipovunjika kwa kugongwa katika majaribio.

Nakala kama hizo ndizo zinazoufanya utambuzi kuwa mgumu leo, kwa maana umri wa bastola hautoshi tena kuwa mwongozo. Rivolva iliyotoka kiwandani mwaka huu yaweza kuwa na pini iliyofungwa kwenye nyundo kama ya 1873. Nyingine huwekewa mhimili wa silinda wenye nafasi mbili, ambao ukisukumwa ndani zaidi mwisho wake hutokeza nyuma na kuizuia nyundo isifike chini. Ni kinga halali, ila humtegemea mtu akumbuke kuusukuma. Baadhi ya nakala za kampuni ya Uberti zina pini inayobaki kwenye nyundo lakini hurudi ndani isipokuwa kifyatulio kimevutwa. Rivolva ya Heritage Rough Rider ina wenzo mdogo wa pembeni unaoingiza kizuizi mbele ya nyundo. Hata sheria ya California, inayotaka bastola zinazouzwa zipite jaribio la kuangushwa, imeziacha nje rivolva nyingi za kukoki kwa gumba zenye vipimo fulani.

Namna ya kuzitofautisha

Kwa Ruger, alama ya haraka iko upande wa fremu: za zamani zina skrubu tatu zinazoonekana, na New Model ina pini mbili mahali pake pamoja na maneno hayo yaliyochongwa kwenye fremu. Hata hivyo skrubu tatu hazimalizi swali. Tangu mwaka 1982 kampuni hiyo imekuwa ikizipokea rivolva zake za zamani na kuzifunga kiwandani nyundo, kifyatulio na kibapa vya muundo salama bila kumtoza mwenye bastola, kisha humrudishia sehemu zake za asili. Kwa hiyo yenye skrubu tatu inaweza kuwa imekwisha kubadilishwa. Tena inaweza kuwa ilibadilishwa na baadaye ikarudishiwa sehemu za zamani, kwa sababu wakusanyaji huithamini zaidi iliyo kamili kama ilivyotoka kiwandani. Njia ya hakika ni kuipakua bastola, kuhakikisha kila chemba ni tupu, kuikoki, na kutazama kati ya nyundo na fremu: ama kibapa kimesimama mbele ya pini, ama hakipo. Ikiwa hakipo, na hakuna kinga nyingine inayoonekana na kueleweka, bastola hiyo ni ya risasi tano, hata silinda yake iwe na chemba ngapi zaidi.

Mkato wa usalama haupaswi kuhesabiwa kuwa kinga. Jina lake limewadanganya wengi. Kazi unayoifanya vizuri ni kuipokea nyundo iliyoponyoka mapema kutoka chini ya gumba. Kuubebesha bastola nzima inayoanguka ni kuutaka ufanye jambo ambalo unene wa ncha ya kifyatulio hauliruhusu.

Ala nayo ilichangia, ingawa kwa kiasi kidogo kuliko wengine wanavyopenda kusema. Kigwe cha kuishikilia nyundo kingeizuia bastola isichomoke, na mtu anayeruka kutoka garini akiwa na bastola kiunoni anakihitaji, iwe ya zamani au mpya. Lakini kigwe hakiondoi hali ya nyundo iliyolala juu ya risasi hai. Huipunguzia tu nafasi ya kukutana na sakafu.

Paja lilipopona, mhusika aliipeleka bastola ya mjomba kiwandani ikafungwe kibapa. Ilirudi pamoja na mfuko mdogo wa plastiki wenye nyundo ya zamani, mkia wake ukiwa bado na mkwaruzo, na kifyatulio ambacho ncha yake haijawahi kuvunjika. Mtu wa kwanza aliyeuona mfuko ule alimshauri asiupoteze, kwa sababu siku ya kuiuza bastola mnunuzi atautaka. Ushauri ule ni sahihi kuhusu bei. Mfuko umewekwa katika kabati lenye bastola zote mbili, na juu yake ameandika kwa wino mweusi kwamba bastola itakayovishwa sehemu hizi ijazwe risasi tano tu.